Mkate Uliolala

Kila inapotajwa habari ya utamaduni wa taifa letu, mawazo ya watu hukimbilia ngoma na vinyago, na sisi watu wa Mtwara ndio tunaotajwa mbele kwa yote mawili, kwa ajili ya sindimba na kwa ajili ya mikono ya Wamakonde. Sina ugomvi na jambo hilo. Serikali ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, ngoma zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyopewa uzito, nazo zilistahili, maana zilikuwa zimedharauliwa muda mrefu. Lakini mimi nimeishi sehemu kubwa ya maisha yangu katika kijiji cha Kitaya, kwenye bonde la mto Ruvuma, na lile somo lililonigeuza kuwa mwalimu sikulipata uwanjani penye ngoma. Nililipata uani kwa mama yangu, mbele ya mafiga matatu, nikipika mkate wa kumimina na kuuharibu.

Yafaa nieleze mkate wenyewe, kwa ajili ya wasomaji wa bara ambao huenda hawajauona. Mkate wa kumimina ni mkate wa mchele, nao hujulikana katika pwani ya Waswahili na visiwani. Huitwa wa kumimina kwa sababu haukandwi kama wa ngano. Ni rojo linalomiminwa chomboni. Mchele hurowekwa usiku kucha. Asubuhi huchujwa, hutwangwa kinuni na kuchekechwa mpaka unakuwa unga laini wenye unyevu. Unga huo huchanganywa na tui zito, sukari, iliki na hamira, hupigwa kwa mkono mpaka mkono uchoke, kisha hufunikwa na kuachwa uumuke. Hapo ndipo sufuria hupakwa samli na kupashwa moto, rojo likamiminwa, mfuniko wa bati ukawekwa, na makaa yakapaliwa juu yake. Moto chini, moto juu. Kwetu zamani oveni haikuwa kitu cha kununuliwa; iliundwa upya kila mara kwa sufuria, bati na makaa, na ndiyo maana kila mara iliweza kukosewa upya.

Mkate huo haukuwa chakula cha kila siku. Chakula chetu cha kila siku kilikuwa ugali wa muhogo, samaki wa mto, na ming'oko katika msimu wake. Mchele tuliupata katika majaruba ya bondeni, baada ya kukesha tukiwafukuza viboko; nazi zililetwa kutoka pwani, Msimbati na Madimba. Mkate wa kumimina ulipikwa siku ya Idi, siku ya maulidi, siku ya harusi, na siku mwali alipotolewa nje. Kwa hiyo aliyeuharibu aliuharibu mbele za watu.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1977 ulinikuta nikiwa na umri wa miaka 17 na cheti cha darasa la saba. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limeagiza kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote ifikiwe mwaka huo. Watoto wakajaa madarasani, na walimu waliotoka vyuoni hawakutosha. Basi sisi vijana tuliomaliza shule ya msingi tulichukuliwa tukafundishwa ualimu hukohuko vijijini: tunasomesha, na wakati huohuo tunajifunza kusomesha, kwa masomo ya posta na ya redio, na kwa kusimamiwa na walimu wazoefu. Watu walituita walimu wa UPE, na wengine walilitamka jina hilo kwa kejeli. Kwa kuiogopa kejeli hiyo nilikuwa mkali kupita kiasi. Mtoto akikosa hesabu nilimchapa bakora ya kiganja, nikaandika jibu sahihi ubaoni, nikasonga mbele. Niliamini kwamba kosa ni taka, na kazi ya mwalimu ni kufagia.

Tangu utoto nilikuwa nimemsaidia mama kuchekecha unga na kupepea moto, lakini mkate wenyewe sikuwahi kuushika toka mwanzo hadi mwisho mpaka mwaka 1982, nikiwa tayari na watoto wawili. Ilikuwa siku ya maulidi. Mama aliumwa na mgongo, akanikabidhi kazi yote. Mkate ule ulitoka vizuri ajabu: umepanda, umejibandua pembeni mwa sufuria, rangi yake ya korosho iliyokaangwa, na ulipokatwa ulikuwa na vitundu kama sega la asali. Wanawake wakanipigia vigelegele. Mama alionja, akaniuliza, "Mwanangu, umefanyaje?" Nikamjibu kwa majivuno, "Kama ufanyavyo wewe, mama." Hakusema neno.

Majuma mawili baadaye nilipika mwingine, kwa kibaba kilekile, kwa tui lilelile, kwa sufuria ileile. Ukalala. Ulikuwa bapa na mzito kama jiwe la kusagia, na ndani yake hamkuwa na kitundu hata kimoja. Nilitaka kuwatupia kuku kabla watu hawajaona, lakini mama alitoka ndani, akaushika mkono wangu, akauliza swali ambalo sijalisahau mpaka leo: "Ule wa kwanza ulikufundisha nini?"

Nilitafuta jibu nikalikosa. Mkate wa kwanza haukuwa umenifundisha kitu chochote. Siku ile nilifanya mambo kumi, mkate ukapanda, nami sikujua ni lipi kati ya hayo kumi lililoupandisha. Ningeweza kuapa kwamba ni kwa sababu niliupiga sana kwa mkono, au kwa sababu nilisema bismillahi kwa sauti. Lakini huu uliolala ulikuwa na habari ya kusimulia. Mama alichukua kisu, akaukata katikati, akaugeuza uso uliokatwa kwenye mwanga wa jua, akautazama kama mtu anayesoma barua.

Natumia neno kusoma kwa haki. Mama alijifunza herufi ukubwani, katika kisomo cha watu wazima kilichoenea vijijini katika miaka ya 1970, na mpaka mwisho wa maisha yake alisoma gazeti polepole, kwa kufuatisha kidole. Lakini mkate aliusoma kwa kasi. Vitundu vikiwa vingi juu na chini pamekaza, hiyo ni dalili kwamba unga umetuama. Mstari mbichi ukipita katikati, moto wa juu haukutosha. Ngozi ya juu ikiwa nyeusi na ndani mna majimaji, makaa yamewekwa mengi mno, tena mapema mno. Pakibonyea katikati, ama rojo lilipitiliza kuumuka, ama mpishi amefunua kwa pupa. Na kama hamna kitundu chochote, kama mkate wangu wa siku ile, basi kilichokufa ni hamira. "Tui lako lilikuwa la moto," akasema. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeliteka jikoni na kulimimina pale pale, kwa haraka ya kuwahi kipindi cha mchana.

Mkate ule hatukuutupa. Mama aliukata vipande vyembamba, akavianika juani, akavibanika, tukavila na chai ya rangi. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba yetu: aliyeharibu hula alichoharibu, na wenzake humsaidia kula, na wakati wa kula husemwa kilichoharibika. Hakuna aliyecheka. Kaka yangu tu ndiye aliyewahi kusema kwamba serikali imemleta mwalimu kijijini kuja kuwanenepesha kuku, na hata yeye alisema hivyo huku anatafuna.

Kisha ukaja mwaka 1983. Watu wa rika langu wanakumbuka shida za wakati ule, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta ilipopanda duniani na fedha za kigeni zilipoadimika. Tulikula ugali wa yanga, yale mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo. Sukari ilipatikana kwa zamu na kwa foleni. Hamira haikupatikana kabisa. Mfungo wa Ramadhani wa mwaka ule uliangukia Juni na Julai, na Idi ilipokaribia, wanawake wengi kijijini walikwisha kukubali kwamba hakutakuwa na mkate.

Mama akakumbuka alivyofanya bibi yake kabla ya hamira ya kopo. Watu wengine wa pwani, alisema, waliumua rojo kwa tembo la mnazi, ambalo huchacha lenyewe mara linapogemwa. Lakini nyumbani kwetu tembo halikuingia, kwa sababu ya dini. Iliyobaki ni njia ya akiba. Rojo kidogo huachwa siku mbili tatu lichache lenyewe. Hilo huwa chachu ya rojo la kwanza. Na kila unapopika, unabakiza upawa mmoja wa rojo lililoumuka, unauhifadhi kibuyuni, uwe chachu ya siku nyingine. Wahabeshi nao hufanya vivi hivi kwa injera yao ya teff: hubakiza maji ya chachu ya leo kwa ajili ya unga wa kesho. Sisi tulikuwa na elimu hiyohiyo, tukaisahau kwa muda wa kizazi kimoja tu, kwa sababu ya kopo la dukani.

Tulijaribu, tukaacha rojo usiku kucha, na alfajiri ya Idi lilikuwa limejaa mapovu. Mkate ukapanda. Majirani walikuja kuomba chachu, nikawagawia kwa vijiko. Nami, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, nilifungua daftari nikaandika: "Rojo la chachu liachwe usiku kucha." Nikalipigia mstari chini mara mbili.

Mwezi wa Novemba, kabla ya mvua, wakati joto la bonde halipungui hata usiku wa manane, palikuwa na harusi ya binti wa jirani, nami nikaombwa mikate sita. Nilifuata daftari. Asubuhi nilipofunua bakuli, rojo lilikuwa limefura na kushuka tena. Ukingoni pamebaki alama ya kimo lilichofikia, kama alama ya mafuriko ukutani. Harufu yake ilipanda kichwani. Mikate yote sita ilibonyea katikati, na ladha yake ilikuwa chachu hata sukari haikusikika. Mchele ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa watu, katika mwaka ambao watu walipima mchele kwa kiganja. Mama wa bibi harusi alinishukuru kwa adabu, akaifunika mikate kwa kawa, na sikuiona ikitolewa.

Nilimwonyesha mama daftari, kana kwamba namshitaki. Akalitazama, kidole juu ya mstari wangu, akasema, "Daftari lako linajua Julai tu."

Kwa kweli lilijua Julai tu. Wakati wa kipupwe chachu huenda polepole, na usiku mzima ni kiasi chake. Wakati wa joto humaliza kazi yake kabla ya jogoo wa kwanza. Kufaulu kwangu kwa siku ya Idi ndiko kulikoniponza siku ya harusi, maana kulinipa sheria kabla sijaijua sababu. Kwa muda wa majuma matatu nilifanya jambo ambalo mama hakulifanya kamwe, lakini alilipenda alipoliona. Nilichukua rojo moja nikaligawa katika vibakuli vitatu. Cha kwanza nilikioka baada ya saa mbili, cha pili baada ya saa nne, cha tatu baada ya saa sita, kwa moto uleule. Kila kibakuli kilitofautiana na wenzake kwa jambo moja tu. Na nilichopata hakikuwa saa. Nilichopata ni dalili: rojo lililo tayari huwa limejaa mapovu madogo, hutetemeka bakuli linapoguswa, na halijaanza kushuka ukingoni hata kidogo. Likianza kushuka umechelewa. Nilifuta sheria ya Julai, nikaandika dalili mahali pake.

Unga wa kutuama ulinitesa zaidi. Mkate uliwezekana kupanda juu na bado ukawa na tabaka gumu chini, kama gundi iliyoganda. Nilitwanga zaidi, nikachekecha mara mbili, ikapungua lakini haikuisha. Hapo mama alinionyesha kitu ambacho mikono yake ilikuwa ikikifanya miaka yote bila mimi kukiona: kabla ya kuchanganya, alichota unga kiasi cha ngumi moja, akaupika uji mzito, akauacha upoe, akauchanganya na rojo. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Akajibu kwamba alidhani ninaona. Nadhani walimu wengi tuna ugonjwa huo, wa kudhani kwamba mwanafunzi anaona kila kilicho mbele ya macho yake.

Baadaye, nilipopata vitabu, nilielewa kazi ya uji ule. Ngano ina gluteni, nayo huvutika kama utando na kuishika hewa ya kaboni inayotolewa na hamira. Ndiyo maana donge la ngano hukandwa. Mchele hauna gluteni. Chembe zake huzama na hewa hutoroka, isipokuwa pawepo kitu cha kulifanya rojo liwe na unato, na uwanga uliopikwa hufanya kazi hiyo. Nilisoma pia jinsi Louis Pasteur wa Ufaransa, katika miaka ya 1850 na 1860, alivyothibitisha kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai, si kuoza tu kwa vitu. Nikamweleza mama kwamba hamira ni viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho, hula sukari na kutoa hewa, na joto likifika kama nyuzi 60 za Selsiasi hufa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Ndiyo maana nilikukataza kuwamwagia tui la moto," akasema, akaendelea kuchagua mchele.

Habari ya moto ni ndefu, nami nitasema kidogo tu. Makaa ya mkoko yana moto mrefu. Vifuu vya nazi huwaka kwa hasira. Magogo ya mkorosho mkongwe hayana msimamo. Kanuni ya mama ilikuwa kwamba moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, ila uje nyuma yake: kwanza mkate ushike chini, ndipo upaliwe. Nimeunguza mikate isiyohesabika kwa kulijua neno hilo bila kulitii.

Lakini nilitaka kusema habari ya shule. Muhula uleule wa mikate sita, nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu katika darasa la tano. Mtoto mmoja wa kiume, mpole, aliandika ubaoni kwamba 1/2 ukijumlisha na 1/3 unapata 2/5. Bakora ilikuwa mezani. Nilikwisha kuishika, na kiganja chake kilikwisha kunyooka, maana alinizoea. Sijui ni kitu gani kilinizuia. Labda ni kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimekula mkate wangu mchachu. Nikamwuliza, "Umefanyaje?"

Alishangaa. Darasa lote lilishangaa. Kisha akaeleza kwa sauti ndogo kwamba amejumlisha za juu kwa juu na za chini kwa chini, kama mwalimu alivyotufundisha. Nami nikakumbuka: mwezi uliopita nilikuwa nimewafundisha kuzidisha sehemu, na katika kuzidisha, ni kweli, ya juu huzidishwa kwa ya juu na ya chini kwa ya chini. Tena nilikuwa nimemsifu mtoto huyohuyo mbele ya wenzake kwa kuifuata kanuni hiyo. Alikuwa ameibeba sheria iliyofaulu jana akaipeleka mahali isipofaa. Daftari lake lilijua Julai tu.

Nikatuma kikombe na maji. Tukakijaza nusu. Nikamwuliza, "Tukiongeza theluthi ya kikombe, maji yatapanda au yatashuka?" Akasema yatapanda. Nikamwuliza kama 2/5 ni zaidi ya nusu au ni pungufu. Akafikiri, akachora mistari mitano mchangani mlangoni pa darasa, akatazama, kisha akaanza kucheka peke yake. Nusu ilikuwa imeongezewa ikapungua. Nilipowauliza wengine ni nani aliyepata 2/5, hakuna aliyenyoosha mkono. Nikaweka bakora chini ya kabati, nikauliza tena. Mikono ikaanza kupanda mmoja mmoja, mpaka zaidi ya nusu ya darasa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimechapa kosa moja lilelile, na watoto walichojifunza kwangu ni kulificha.

Nisijipambe. Bakora haikuisha siku ile. Nimeitumia tena mara nyingi, hasa siku za uchovu, na wako watu wazima Mtwara leo wanaoweza kunishuhudia. Lakini tangu muhula ule nilikuwa na desturi, kila Ijumaa, ya kuandika ubaoni kosa moja la juma hilo bila jina la mtoto, nasi tukalikata katikati na kulitazama. Watoto waliiita desturi hiyo "mkate". Mkaguzi mmoja aliyepita aliniuliza kwa nini ubao wa mwalimu una jibu la uongo, nikamweleza, naye aliandika kitu katika kitabu chake ambacho sikukiona.

Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alilaumu elimu inayomfanya kijana aamini kwamba maarifa ya maana yamo vitabuni tu, na kwamba wazee wake hawana la kumfunza. Tulikisoma kijitabu kile kwenye mafunzo yetu, tukakijibia maswali ya mtihani, na shuleni tulikitafsiri kuwa ni shamba la shule na mabanda ya kuku. Mimi nilikielewa uani.

Hamira ilirudi madukani biashara ilipolegezwa masharti kuanzia mwaka 1984, na kibuyu cha chachu kikakauka. Mama alifariki mwaka 2004. Sufuria yake, bati lake na kinu nilibaki navyo mpaka Oktoba 2020, washambuliaji waliotoka upande wa Msumbiji walipovuka Ruvuma na kukivamia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Mambo ya usiku ule nimeyasimulia kwa watu waliohusika, wala hapa si mahali pake. Nitasema tu kwamba mtu anayekimbia usiku habebi kinu. Habebi daftari pia.

Nilikaribishwa na binti yangu Mtwara mjini. Jikoni kwake mna jiko la gesi lenye oveni. Ni gesi ya mitungi, si ile ya Ghuba ya Mnazi iliyogunduliwa mwaka 1982 jirani yetu kabisa, ambayo bomba lake la kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Ile inapita, na sisi tunanunua mtungi. Mwaka wa kwanza sikuligusa jiko lile. Mwaka wa pili nilijaribu mkate, ukatoka mweupe juu na mkavu kama kigae chini, maana moto wa oveni ile hutoka chini peke yake na hakuna wa kuupalia. Nikaula na chai. Baadaye nikajifunza kuupandisha mkate ngazi ya juu na kuweka sinia la bati chini yake, nao ukakubali, ingawa haujawahi kuwa na ile harufu ya makaa.

Mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu, alitaka kuupika Idi iliyopita. Hakuniuliza, alifuata maelekezo ya kwenye simu, yaliyopima kila kitu kwa gramu, akasaga mchele kwa blenda badala ya kinu. Mchele ulikuwa wa dukani, wa Mbeya, mpya wa msimu, usionywa maji kama mchele wa zamani. Nilikuwa sebuleni nikasikia mlango wa oveni ukifunguliwa, kisha kimya. Nilipoingia jikoni alikuwa amesimama mbele ya ndoo ya taka, sufuria mkononi.

"Shikamoo, bibi," akasema, ingawa tulikwisha kusalimiana asubuhi.

"Marahaba. Lete kisu."

Tukaukata katikati, tukaupeleka dirishani penye mwanga. Nilimwambia aniambie anachokiona. Alisema ameharibu. Nikamwambia hilo si jambo analoliona. Akainama, akatazama muda mrefu. "Juu kuna vitundu," akasema. "Chini kumekaza. Na hapa katikati kuna mstari, kama haujaiva."

"Yapo mangapi hayo?"

"Mawili, bibi. Au matatu."

"Tuanze na lipi?"

Alifikiri, akasema maji. Akachana karatasi katika daftari lake la kemia, akaandika tarehe juu, na chini yake akaandika alichokiona, bila kuandika sheria yoyote. Mama yake akaja, akakaa, akavunja kipande. Tulikula nusu ya mkate pamoja na chai, na nusu nyingine tukaikata vipande vya kuanika. Usiku ule tulipima vibaba viwili vya mchele uleule, tukauroweka.